UZI: Mtindo wa chura – kichwa hakiinuliwi kwa shingo. Tujadili mkao wa kichwa, pumzi na mpangilio wa mikono na miguu

Njia ya Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Nimekuwa nikisoma maswali ya bresti, yaani mtindo huu wa chura, humu na yanafanana sana. Mmoja anasema miguu inazama. Mwingine anapiga miguu kwa nguvu zote lakini haendi. Mwingine shingo inamuuma mpaka kesho yake. Majibu wanayopata ni ya miguu na mikono tu: kunja hivi, panua vile. Mimi naomba tuanzie kichwani, maana kwa wengi waliojifunza ukubwani tatizo linaanzia huko, na likitengemaa, mengine yanakuwa mepesi.

Hoja yangu ni moja. Kwenye mtindo wa chura, kichwa kinapanda kwa sababu mabega yamepanda, na mabega yanapanda kwa sababu mikono imefagia maji kuja ndani. Shingo haina kazi ya kunyanyua kitu. Kazi yake ni kukaa imenyooka na uti wa mgongo, ipande nao na ishuke nao.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiwa ndani ya maji, maji yanakibeba. Kikitoka, mzigo huo unabebwa na mwili, na mwili unaoelea hauna pa kujiegemeza: upande mmoja ukipanda, mwingine unashuka. Ukitupa kidevu juu, nyonga zinashuka. Nyonga zikishuka, mapaja yanafuata, na sasa umelala mshazari, unasukuma maji kwa kifua, tumbo na mapaja. Maji yana msongamano wa takriban mara 800 ya hewa, na ukinzani wake haupandi sawa na mwendo. Ukitaka kwenda kasi mara mbili, ukinzani unakuwa karibu mara nne. Kwa hiyo mtu aliyelala mshazari akiongeza nguvu, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaliwa na mkao wake mwenyewe.

Halafu mtindo huu una jambo lake la pekee: mwendo haulingani. Mara tu baada ya teke unakwenda kasi. Magoti yanapokunjwa kuleta visigino karibu na makalio, unakaribia kusimama. Hii ni sababu mojawapo ya kuwa ndio mtindo wa polepole kuliko yote minne ya mashindano. Aliyeinua kichwa mno anafika kwenye hatua hiyo nyonga zimeshashuka, na akikunja miguu, mapaja yanageuka breki. Anasimama, anaanza upya kwa teke jingine, anasimama tena. Anachoka kwa kuanza upya kila mara, ingawa miguu yake pengine ni mizuri tu.

Jipime kwa macho. Unapopumua unaona nini? Kama unaona ukuta wa mbele, saa, au watu waliokaa pembeni ya bwawa, kidevu kimepanda. Unachotakiwa kuona ni maji, mita moja au mbili mbele yako. Unapoteleza mikono ikiwa imenyooka mbele, angalia sakafu ya bwawa; ule mstari mweusi wa chini upite chini ya pua yako. Masikio yawe katikati ya mikono. Maji yapite juu ya kisogo, usiyasikie yakigonga paji la uso.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la mpira wa tenisi. Ubane kati ya kidevu na sehemu ya juu ya kifua, halafu ogelea polepole. Usiukandamize, ushike tu. Siku ya kwanza wengi hawamalizi hata mizunguko mitatu (mzunguko ni mvuto mmoja wa mikono na teke moja) kabla haujachomoka na kuelea mbele yao, na unachomoka palepale wanapotafuta hewa. Wakati huo ndio wa kuutazama. Mtu akiona mpira unaelea mbele ya uso wake, hahitaji kocha wa kumwambia kidevu kimeachia. Endelea polepole mpaka uweze kupumua mpira ukiwa mahali pake. Hapo utagundua kwamba kilichokupandisha ni mikono na mgongo, wala si shingo.

Sasa mikono, kwa kifupi. Anza imenyooka, fungua viganja vielekee nje, panua kupita mabega kidogo, halafu viwiko vibaki juu huku viganja vikifagia kuja ndani chini ya kidevu. Hapo ndipo mabega yanapanda na hapo ndipo unapumua. Usivute mpaka mbavuni. Viwiko vikipita nyuma ya mabega unachelewa kurudisha mikono mbele, na kichwa kinabaki hewani kikisubiri. Kosa jingine ni kukandamiza maji chini kwa viganja mwanzoni kabisa mwa mvuto. Mtu anafanya hivyo kwa sababu anataka hewa mapema. Hewa itakuja, subiri mikono ianze kuja ndani.

Karibuni kwa maswali na wenye uzoefu mchangie.

---

Mgeni wa Bwawa

Asante sana mkuu kwa uzi. Swali langu ni hili: nisipoinua kichwa, maji yanaingia mdomoni. Nimejaribu kuangalia chini ulivyosema, nikameza maji, nikarudi kwenye mtindo wangu. Nifanyeje?

---

Njia ya Nne

Mkuu, nitakuuliza kwanza: pumzi unaitoa wapi?

Wengi wanaomeza maji wanafanya mambo mawili juu ya maji: kutoa pumzi na kuvuta pumzi. Mambo mawili yanataka muda mrefu, na muda mrefu unamlazimisha mtu kupanda juu zaidi na kukaa huko. Toa pumzi ukiwa chini. Uso ukishaingia, anza kuiachia taratibu kwa pua na mdomo wakati unateleza. Mikono inapofunguka, ongeza. Mdomo unapokaribia kutoka, sukuma iliyobaki kwa nguvu, nayo itayafukuza maji yaliyo midomoni. Ukifika juu, kazi inayobaki ni kufungua mdomo tu. Mapafu matupu yanajaa haraka mno, hutumii hata sekunde nzima.

Anza bila kuogelea. Shika ukingo wa bwawa, weka uso majini, toa mapovu mpaka yaishe, inua uso kidogo, vuta, rudisha. Rudia mpaka mwili uache kushtuka. Halafu fanya vilevile ukitembea kwenye kina kifupi, mikono ikifanya mvuto wa bresti na mabega yakiwa majini. Sikiliza mapovu: yakikatika kabla uso haujatoka, umebana pumzi, na hapo ndipo utakapomeza maji.

Jambo la pili ni muda. Ukipumua mikono ikiwa bado mbele, hakuna kinachokubeba, kwa hiyo mdomo uko chini ya maji. Ukisubiri mpaka viganja viko njiani kuja ndani, mabega yako juu na mdomo uko wazi bila wewe kufanya lolote. Mtu anayemeza maji mara nyingi amepumua mapema, ingawa yeye anahisi amechelewa.

---

Maji Marefu

Mimi napingana kidogo. Nilifundishwa na mwalimu wa zamani ambaye mwenyewe alishindana ujanani, na msimamo wake ulikuwa kwamba kichwa kisizame kabisa, sehemu yake ibaki juu muda wote. Alikuwa mkali kwenye hilo. Sasa huyu alikuwa anakosea?

---

Njia ya Nne

Hapana, kaka, alikuwa anafundisha sheria ya wakati wake. Nashukuru umeliuliza, maana watu wengi wanashindana na walimu wao bila kujua historia hii.

Kwenye Olimpiki ya Melbourne, 1956, Mjapani Masaru Furukawa alishinda mita 200 akiogelea sehemu kubwa ya mbio chini ya maji, kwa sababu huko alikwenda kasi zaidi kuliko juu. Baada ya hapo wasimamizi wa mchezo wakafunga njia hiyo, waogeleaji wakatakiwa kubaki juu, kichwa kikionekana wakati wote isipokuwa baada ya kuanza na baada ya kugeuka. Hali ikabaki hivyo hadi 1987, kichwa kiliporuhusiwa kuzama ndani ya mzunguko. Aliyejifunza kabla ya mwaka huo alifundishwa kulinda kichwa kisizame, maana kuzama kulikuwa kunamfuta mtu mashindanoni.

Sheria ya sasa ya World Aquatics, shirikisho la kimataifa la kuogelea, zamani FINA, inataka sehemu fulani ya kichwa ivunje uso wa maji katika kila mzunguko kamili, yaani mvuto mmoja wa mikono na teke moja, kwa mpangilio huo. Mradi kichwa kimetoka mara moja kwenye mzunguko, muda unaobaki unaruhusiwa kukilaza majini. Na wakati wa kuteleza unatakiwa ukilaze, kwa sababu hapo ndipo kuna faida.

Kwa hiyo mwalimu wako mheshimu, ila hilo moja limebadilika.

---

Kijana wa Mashindano

Hapo kwenye sheria naomba ufafanuzi. Nilifutwa kwenye mita 100 na nikaambiwa kichwa kilichelewa kutoka baada ya kugeuka. Sikuelewa kabisa.

---

Njia ya Nne

Baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka unaruhusiwa mvuto mmoja mrefu chini ya maji, mikono ikifika mpaka mapajani, na teke moja la kipepeo (miguu yote miwili pamoja, juu na chini) kabla ya teke la kwanza la chura. Halafu unaanza mvuto wa pili. Kichwa lazima kiwe kimevunja uso wa maji kabla viganja havijageukia ndani pale vilipopanuka kabisa kwenye mvuto huo wa pili. Ukigeuza viganja ukiwa bado chini, umefutwa.

Dawa yake usiitafute kwa kurusha kichwa juu. Wengi wanaochelewa wamekwenda chini mno walipojisukuma ukutani, halafu wanajaribu kufidia kwa shingo mwishoni. Jisukume ukiwa umelala, si kuelekea chini, na wakati wa kurudisha mikono mbele elekeza vidole juu kidogo. Utaufikia uso wa maji ukiwa umenyooka, mikono ikiwa inafunguka, na kichwa kitatoka chenyewe kwa wakati.

---

Kisigino

Mkuu mbona mabingwa kwenye televisheni wanaonekana wametoka majini hadi kifuani? Wakati wewe unasema kidevu kisipande. Naona mambo mawili tofauti.

---

Njia ya Nne

Swali zuri sana. Angalia tena picha hizo, safari hii usitazame kimo. Tazama pembe ya shingo. Mabega yametoka, ni kweli, kifua kimetoka, lakini kidevu kiko karibu na kifua na macho yanatazama maji ya mbele. Kilichopanda ni kiwiliwili kizima, kichwa kimekwenda nacho.

Mtindo huo wa wimbi uliendelezwa na kocha Mhungaria József Nagy, na mwanafunzi wake Mike Barrowman wa Marekani aliutumia kushinda mita 200 kwenye Olimpiki ya Barcelona, 1992, kwa dakika 2 na sekunde 10.16. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu miaka 10, hadi Mjapani Kosuke Kitajima alipoivunja mwaka 2002. Siri yake haiko kwenye kupanda, iko kwenye kinachofuata: mabega yanajikunja kuelekea masikioni, mikono inarushwa mbele, na mwili wote unaanguka kwenda mbele badala ya kuanguka chini. Nyonga zinabaki karibu na uso wa maji muda wote.

Adam Peaty wa Uingereza alikwenda njia nyingine kwenye mita 100: mizunguko ya haraka mno na nguvu nyingi. Mwaka 2019 kwenye mashindano ya dunia kule Gwangju, Korea Kusini, aliogelea kwa sekunde 56.88, na hadi leo naona ni jambo la ajabu mwanadamu kufanya hivyo kwa mtindo huu. Ukilinganisha hao wawili, kimo na kasi ya mizunguko ni tofauti. Kwa wote wawili kichwa kinawahi kurudi kwenye mstari.

Wewe na mimi tusianze na kimo. Kupanda juu kunataka mgongo na tumbo imara na teke la kukurudisha mbele. Ukiiga kimo bila hivyo, utapanda na kushuka palepale ulipo.

---

Kocha Msaidizi

Nimefundisha vijana kwa muda mrefu na nakubaliana na sehemu kubwa. Naomba niongeze upande wa pili, kwa sababu kila uzi wa kichwa ukiisha, wiki inayofuata napata watu wanaozamisha kichwa mno.

Mtu akisikia "angalia chini" anabana kidevu kifuani na kutumbukiza utosi. Mikono inafuata kichwa, mwili wote unapiga mbizi, halafu anatumia mvuto mzima unaofuata kupanda tu. Mvuto ulikuwa wa kumpeleka mbele, sasa umekuwa wa kumtoa shimoni. Ukisimama pembeni utaona kisogo kinapotea kabisa na kuibuka, kinapotea na kuibuka. Kisogo kinatakiwa kufunikwa na maji kidogo tu.

Kingine, kutikisa kichwa kama kwamba unaitikia. Hapo mabega hayapandi, ni shingo tu inacheza. Kwa hao huwa nawaondolea pumzi: ogelea mizunguko miwili au mitatu uso ukiwa majini, mikono na miguu ifanye kazi kamili, halafu mzunguko mmoja wenye pumzi. Namwambia huo mmoja ufanane na mingine, nikisimama pembeni nisijue ni upi uliopumua.

Na kwenye mrija wa kupumulia wa mbele ya uso, ambao najua Njia ya Nne atautaja, mimi siupendi kwa wanaoanza.

---

Njia ya Nne

Hilo la kupiga mbizi umelisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema, nashukuru. Na zoezi la kuficha pumzi nitaliazima.

Kwenye mrija tutatofautiana kidogo. Kwa mtu ambaye nyonga zake zimezoea kukaa chini miaka mingi, mrija unampa nafasi ya kuhisi kwa mara ya kwanza mwili uliolala, bila wasiwasi wa hewa. Mwache aende nao kidogo, ajue nyonga zikiwa juu miguu inakuwaje myepesi. Ila nakubali usikae nao. Ugumu wa mtindo huu ni kupumua kwa wakati, na mrija unauondoa ugumu huo wote, kwa hiyo hujifunzi.

Ninachokikataa moja kwa moja ni ubao wa kupigia miguu ulioshikwa mbele huku kichwa kiko juu. Mtu anapiga miguu ya bresti namna hiyo mazoezi yote, kidevu juu, nyonga chini, akiufundisha mwili mkao uleule tunaotaka kuuacha. Weka ubao pembeni. Nyoosha mikono mbele, uso majini, piga miguu, na kila baada ya teke moja au mawili vuta kidogo upumue. Au lala chali, mikono kando, upige miguu ya chura huku magoti yakibaki chini ya maji. Ukilala chali huna namna ya kudanganya: nyonga zikishuka, magoti yanatokeza.

---

Mzee wa Miwani

Vijana, shikamooni nyote mlionizidi kwa ufundi, na walio wadogo marahaba.

Mimi naogelea kwa ajili ya afya, polepole, kichwa juu, kwa sababu sipendi maji machoni. Sasa shingo inakaza upande wa nyuma na kichwa kinauma nikimaliza. Daktari aliniambia kuogelea ni kuzuri. Je, niache?

---

Njia ya Nne

Shikamoo mzee wangu.

Usiache kuogelea, acha mkao huo. Ukiogelea kichwa juu muda wote, shingo imekunjwa kurudi nyuma kwa dakika zote ulizo majini, na misuli ya nyuma ya shingo haipumziki hata mara moja. Nyonga nazo zikishuka, kiuno kinapinda ndani. Kwa mwenye umri wako hapo ndipo maumivu yanaanza, shingoni na mgongoni.

Tafuta miwani ya kuogelea inayokaa vizuri. Ijaribu bila mkanda: ibandike machoni, ibonyeze kidogo, ikishika yenyewe kwa muda mfupi inakufaa. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya kuonea mbali, ipo ya kuogelea yenye nguvu ya lenzi, uliza. Maji machoni yakiisha, sababu ya kuinua kichwa inaisha.

Halafu usiharakishe. Teke moja, nyooka kabisa, hesabu moja, mbili, ukiwa umelala uso chini na shingo imelegea. Ndipo uvute na kupumua. Kule kunyooka ndiko mapumziko ya shingo.

Ila mzee, kama una ganzi mikononi, vidole vinachoma, au kizunguzungu unapogeuza shingo, rudi kwa daktari kwanza umweleze hasa unavyoogelea. Pengine aliposema kuogelea ni kuzuri hakujua ni kwa kichwa juu.

---

Bahari Tulivu

Na baharini je? Huko lazima uangalie unakokwenda. Na watu wa zamani walivuka masafa kwa mtindo huu.

---

Njia ya Nne

Kweli kabisa. Matthew Webb alivuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1875 kwa mtindo wa chura, karibu saa 22 majini. Mtindo huu una sifa hiyo: unaona mbele kila unapopumua, na kwenye mawimbi hilo lina thamani.

Usiangalie mbele kwenye kila pumzi, basi. Pumzi kadhaa macho yawe kwenye maji ya karibu, halafu moja uinue macho kutafuta alama uliyoichagua ufukweni. Nimesema macho: kwanza inua macho, na kama hayatoshi ndipo uongeze kidevu kidogo. Na usiende peke yako.

---

Mama Wawili

Jamani mimi nina binti wa miaka saba. Anajua kupiga miguu ya chura vizuri sana, kocha wake anamsifu, lakini uso haweki majini hata kidogo. Tunamlazimisha analia. Nifanyeje ili asije akazoea vibaya?

---

Kocha Msaidizi

Dada, msimlazimishe. Mtoto aliyesukumwa uso majini anakumbuka siku hiyo muda mrefu, na kila akikaribia maji shingo inakaza.

Rudini kwenye mchezo wa mapovu, kwenye kina anachosimama. Mdomo tu kwanza. Halafu mdomo na pua. Halafu aokote kitu chenye rangi kwenye ngazi ya bwawa, achague mwenyewe ni ngazi ya ngapi. Miguu ni mizuri, haiendi popote, itamsubiri. Akishaweka uso mwenyewe, mpe teke moja na kuteleza mpaka asimame, bila mvuto wa mikono. Akipenda kule kuteleza atataka uso uwe chini, kwa sababu atahisi anakwenda mbali zaidi.

---

Mama Wawili

Asante sana mwalimu. Hilo la kuokota ngazini nitaanza nalo.

---

Mgeni wa Bwawa

Wakuu, mrejesho. Nimefanya la mapovu ukutani na la mpira. Maji siyamezi tena, na kuteleza nakuhisi sasa. Ila limezuka jingine: kichwa kinarudi vizuri, lakini nahisi nasimama katikati. Napumua, narudi chini, halafu kunakuwa na utupu kabla sijapiga miguu. Pia goti upande wa ndani limeanza kusumbua.

---

Njia ya Nne

Hongera sana, umefika mahali pazuri. Kumeza maji kukiisha, kinachofuata ni mpangilio.

Utupu huo unaonyesha miguu inasubiri mikono imalize kila kitu. Visigino vianze kuja wakati viganja vinamalizia kufagia ndani, yaani unapovuta hewa. Mikono inaporushwa mbele, visigino viko tayari karibu na makalio na nyayo zimegeukia nje. Uso unaingia, mikono inanyooka, na teke linafunga mwili ukiwa umeshakuwa mrefu. Kichwa kiwe kimerudi kabla teke halijamalizika. Teke likikukuta kichwa kiko juu, umesukuma kifua kwenye maji. Likikukuta umenyooka, utahisi maji yakipita kisogoni hadi mgongoni, na hapo usifanye chochote kwa sekunde moja.

Jaribu mateke mawili kwa mvuto mmoja. Teke la kwanza ni la kawaida, la pili ukiwa umebaki umenyooka uso chini. La pili litakuonyesha teke linavyotakiwa kujisikia, halafu ulitafute hilohilo kwenye la kwanza. Mwombe mtu akupige video ya simu kutoka pembeni, kimo cha maji, siyo kutoka juu. Simamisha picha pale miguu inapofunga, uangalie kichwa kiko wapi.

Goti usilipuuze. Sehemu ya ndani ya goti inavutwa mtu anapopanua magoti mno halafu akapiga teke kwa kuzungusha. Magoti yasiachane sana, karibu upana wa nyonga au zaidi kidogo. Kinachofunguka ni nyayo. Pasha mwili joto kwanza, mateke mepesi mwanzoni, nguvu baadaye. Kwa sasa punguza mateke, fanya mikono ya bresti na miguu ya fristaili (inayopishana juu na chini) ili uendelee na kazi ya kichwa wakati goti linapumzika. Likiuma hata ukipanda ngazi, mwone daktari kabla ya kurudi majini.

---

Kocha Msaidizi

Naongeza moja kwa Mgeni wa Bwawa. Ukirudi kwenye miguu, hesabu mizunguko yako kwa mita 25 ukiwa mwepesi, halafu jaribu kupunguza mmoja bila kuongeza nguvu ya teke. Ukipungua kwa sababu umenyooka zaidi, uko kwenye njia. Ukipungua kwa sababu umeteleza mpaka ukasimama, umezidisha, anza mvuto mapema kidogo.

---

Mgeni wa Bwawa

Nimeelewa wakuu. Goti nalipumzisha kwanza, nafanya mikono na fristaili. Video nitaiweka humu nikiipata, mniambie kichwa kiko wapi.